Fani na Maudhui katika Ujumbe wa Afya: Kutoka Bango hadi Simu ya Mkononi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wa miaka ya 1970 na 1980 walibishana sana juu ya uhusiano wa fani na maudhui. Walikuwako waliofananisha fani na kikombe, na maudhui na chai iliyomo: kinachomhusu mnywaji ni chai. Wengine waliupinga mfano huo. Chai, walisema, yaweza kumiminwa kutoka kikombe hadi kikombe ikabaki chai ileile, hali maudhui ya kazi ya sanaa hayamiminiki hivyo. Afadhali kusema kwamba fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja. Mjadala huo ulihusu riwaya, tamthilia na ushairi, na mwishoni walioshika upande wa sarafu ndio walioonekana kushinda. Lakini nadharia ya kikombe haikufa. Ilihama fasihi, na leo inaishi kwa raha katika kazi ya watu ambao hawajapata kuisikia, yaani madaktari, wauguzi na maofisa wa afya wanaoandikia umma katika mitandao ya kijamii.

Eldoret ni mahali pafaapo pa kulichunguza jambo hili. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 kama hospitali ndogo, hupokea wagonjwa kutoka Uasin Gishu, Nandi, Elgeyo-Marakwet, Pokot Magharibi, Turkana na kwingineko. Katika chumba kimoja cha kungojea huweza kusikika Kinandi, Kikeiyo, Kibukusu, Kikuyu na Kiturkana, na wote hao hukutana katika Kiswahili, ambacho kwa wengi wao si lugha ya mama. Mhudumu wa afya anayetaka kuwaonya watu hawa juu ya maradhi ya shinikizo la damu huanza na maneno aliyoyasoma kwa Kiingereza, akayatafsiri, akayaweka katika bango. Bango hupigwa picha, picha ikapelekwa katika makundi ya WhatsApp na ukurasa wa Facebook. Maneno yaleyale husomwa redioni, kisha hukatwa vipande kuwa video ya nusu dakika. Ushauri wanaopewa wataalamu wa afya wanapofundishwa kazi hii ni kwamba watayarishe mara moja na kutumia mara nyingi. Hiyo ndiyo nadharia ya kikombe katika ukamilifu wake.

Si haki kuwacheka. Muuguzi mwenye foleni ndefu mlangoni hana saa za kutunga ujumbe mpya kwa kila chombo, na habari sahihi iliyorudiwa vibaya ni bora kuliko uvumi uliosemwa vizuri. Uvumi nao, yafaa ikumbukwe, hauna mtindo mmoja. Husimuliwa kama kisa kwa wanaopenda visa, na kama wasia wa mama mkwe kwa wanaoogopa mama wakwe. Pengine ndiyo sababu huwahi kufika.

Hasara ya umiminaji huonekana kwanza katika vineno vidogo ambavyo mtafsiri havitazami mara mbili. Bango lililobandikwa ukutani husema "Muulize muuguzi aliye hapa". Neno "hapa" ukutani lina maana kamili, kwa kuwa msomaji amesimama mbele ya ukuta huo na muuguzi yuko hatua kumi kutoka hapo. Picha ya bango hilo ikifika katika simu ya mtu aliyeko Lodwar, "hapa" haipo tena. Vivyo hivyo tangazo lisemalo kwamba kesho watu watapimwa bila malipo. Likiwa limebandikwa kwenye lango la zahanati, mtu huling'oa siku ya tatu. Likiwa limetumwa katika makundi, huzunguka miezi na miezi, na kila linapofika kesho yake huanza upya. Anayesafiri kutoka Moiben kwa sababu ya "kesho" ya namna hiyo hatakosa maudhui, kwa maana upimaji ulikuwako kweli. Kilichompotosha ni fani iliyohamishwa bila kuguswa.

Kisha kuna uteuzi wa msamiati. Bango rasmi huandika "shinikizo la damu". Mtaani ugonjwa huo ni "presha". Ni rahisi kusema kwamba neno la kwanza ni la wasomi na la pili ni la wananchi, basi itumike "presha" kila mahali. Jambo lenyewe si jepesi hivyo. "Presha" katika mazungumzo ya kila siku ni pia wasiwasi, haraka, na moyo kwenda mbio kwa sababu ya madeni. Mtu aweza kusema amepata presha kwa ajili ya karo ya watoto, na mwenzake akamwambia atulize presha. Katika mazungumzo ya ana kwa ana muuguzi hulitumia neno hilo bila hatari, kwa kuwa kifaa cha kupimia kimefungwa mkononi mwa mgonjwa na wote wawili wanaitazama namba. Neno hilohilo likiandikwa peke yake katika ujumbe wa simu, bila kifaa na bila namba, msomaji aliyetulia nyumbani kwake ana haki ya kuamua kwamba hana presha leo, na kwamba vidonge vyaweza kungoja. Shinikizo la damu huua watu wasiohisi chochote. Neno linalomaanisha hisia ni neno baya kuliandikia ugonjwa usio na hisia, isipokuwa pale ambapo mwandishi yupo kulifafanua.

Matatizo haya hayakuanza na simu. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni iliyoitwa "Mtu ni Afya", ambayo yaweza kuhesabiwa miongoni mwa kazi kubwa kabisa za kuhamisha ujumbe mmoja katika vyombo vingi kwa lugha ya Kiswahili. Kulikuwa na vipindi vya redio, kulikuwa na vitabu vya kusoma, na kulikuwa na vikundi vya vijijini. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu kiasi cha milioni mbili walishiriki. Ni rahisi kushangazwa na ukubwa wa hesabu hizo na kusahau ufundi wake. Redio haikuachwa iseme peke yake, wala kitabu hakikusomwa kimya. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma sura iliyohusika, kikajadili, na mwisho kikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Kila chombo kilikuwa na kazi yake, na chombo cha mwisho kilikuwa midomo ya wanakijiji wenyewe. Jina lenyewe la kampeni halina amri ndani yake. Ni sentensi ya kueleza, fupi kama methali, inayomwachia msikilizaji nafasi ya kuuliza: kama mtu ni afya, basi mimi ni nani?

Kenya, miaka thelathini na kadhaa baadaye, ilitoa mfano mdogo zaidi kwa urefu na pengine mkubwa zaidi kwa uhakiki. Ni neno moja: "Mambo?" Katika utafiti ulioitwa WelTel Kenya1, uliofanywa katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado, wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi kati ya mwaka 2007 na 2008 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili lilitumiwa na muuguzi, kila juma, ujumbe wa neno hilo moja. Mgonjwa alitakiwa kujibu katika saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu. Asiyejibu kabisa naye alipigiwa simu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010: waliosema wanazitumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi la ujumbe na asilimia 50 katika kundi jingine, na ambao virusi vyao vilipungua kufikia kiwango kilichotakiwa walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Matabibu waliyasoma matokeo hayo kama habari ya simu. Mhakiki wa lugha hana budi kuyasoma kama habari ya maamkizi. "Mambo?" ni salamu ya marika, na hasa ya vijana, jibu lake la mtaani ni "poa". Mzee hasalimiwi hivyo na kijana. Pwani angetarajia "shikamoo", na bara angalau "habari". Kwa hiyo muuguzi anayemwandikia mgonjwa "Mambo?" anajiweka kando ya mgonjwa na si juu yake, na hilo ni kubwa kwa watu waliozoea kuitwa majina kwa sauti kutoka dirishani. Kosa linalowezekana nalo liko hapohapo: kwa mgonjwa wa miaka sabini usawa huo waweza kuonekana utovu wa adabu, na mtu anayetaka kuupeleka ujumbe huu Eldoret kwa wazee wenye kisukari angefanya vyema kutafuta salamu nyingine.

La pili ni majibu. Katika adabu ya maamkizi ya Waswahili jibu la kwanza ni la heri. Mgonjwa aliyelala kitandani akiulizwa "hujambo?" hujibu "sijambo", kisha ndipo hufuata "lakini", na baada ya "lakini" ndipo habari yenyewe huanza. Daktari mwenye haraka hulichukua "sijambo" akaenda zake, asiingoje "lakini". Utaratibu wa "Sawa" na "Shida" uliilegeza desturi hiyo. Uliifanya "Shida" kuwa jibu halali, la kwanza, lisilohitaji kutanguliwa na shukrani. Tena haukumlazimisha mgonjwa kutaja shida ni ipi. Kutaja kulingoja sauti ya muuguzi.

La tatu ni siri. Neno "Mambo?" halitaji kliniki, dawa wala ugonjwa. Simu ikiokotwa na mume, na mama mkwe au na mtoto, haitoi habari yoyote. Waswahili wana jadi ndefu ya kusema jambo bila kulisema, na wanaopenda mafumbo ya kanga watalitambua mara moja: neno lililo wazi kwa wote na lenye maana kwa mmoja. Ukimwi uliweza kutajwa kwa herufi kubwa katika bango la barabarani kwa sababu bango halina mwenyewe. Ujumbe wa simu una mwenyewe. Anayelichukua bango na kulitia katika simu ya mtu binafsi amehamisha maudhui yaleyale kutoka mahali pasipo na aibu hadi mahali penye aibu.

Ingekuwa vyema kwa nadharia kama mambo yangeishia hapo, swali likashinda amri na mazungumzo yakashinda mahubiri. Hayaishii hapo. Katika kituo cha afya cha Chulaimbo, karibu na Kisumu, kilichokuwa chini ya mpango wa AMPATH wenye makao yake Eldoret, wagonjwa 431 walihusishwa katika utafiti mwingine uliotangazwa mwaka 2011. Huko hakukuwa na swali. Wagonjwa walikumbushwa tu. Waliokumbushwa mara moja kwa juma walifanya vizuri kuliko wasiokumbushwa: asilimia 53 kwa 40 walifikia kiwango cha utumiaji wa dawa kilichowekwa. Waliokumbushwa kila siku hawakupata faida hiyo, wala maneno ya kutia moyo yaliyoongezwa katika ujumbe mrefu hayakuongeza kitu. Yaounde nako, katika Kamerun, wagonjwa 200 walipelekewa kila juma ujumbe wa kuwatia moyo pamoja na namba ya kupiga wakitaka msaada; matokeo yaliyotangazwa mwaka 2012 hayakuonyesha tofauti ya maana. Na "Mambo?" yenyewe ilipopelekwa Kibera kwa wagonjwa 700 waliokuwa wametambuliwa karibuni kuwa na virusi, kwa kusudi jingine la kuwazuia wasiache kuhudhuria kliniki, haikusaidia: baada ya mwaka mmoja asilimia 79 ya waliotumiwa ujumbe walikuwa bado wanahudhuria, na asilimia 81 ya wasiotumiwa. Hayo yalitangazwa mwaka 2018.

Mifano hiyo haimruhusu mhakiki kutoa kanuni nyepesi. Haiwezekani kusema kwamba swali hufaulu siku zote, kwa kuwa Chulaimbo hakuna aliyeuliza na ukumbusho ulifaa. Haiwezekani pia kusema kwamba neno "Mambo?" lina nguvu ndani yake, kwa kuwa Kibera lilikuwa nenolile. Kinachojitokeza ni kwamba fani ya ujumbe wa afya ni pana kuliko maneno yake. Ndani ya fani mna mara ngapi ujumbe unakuja: ukumbusho uliofaa ukija kila juma haukufaa ulipokuja kila siku, kama mgeni ambaye hodi yake ya kwanza hufurahisha na ya saba huchosha. Mna nani anaambiwa, naye yuko katika hatua gani ya maradhi yake. Mna nani anayengoja upande wa pili. Maneno ndiyo sehemu ya fani inayohamishika kwa urahisi zaidi, na kwa hiyo ndiyo sehemu ambayo wahamishaji huidhania kuwa ndiyo yote.

Mfano wa uhamishaji uliotungwa na si kumiminwa ni kampeni ya "Wazazi Nipendeni", iliyoanzishwa Tanzania Novemba 2012 kwa ajili ya mama wajawazito na watoto wachanga. Jina hilo linastahili kutazamwa. Msemaji ni mtoto, naye pengine hajazaliwa. Kiambishi "-ni-" kilicho mbele ya mzizi wa kitenzi ndicho mtoto mwenyewe, na "-ni" ya mwisho huwaita wazazi wote wawili, baba akiwamo. Katika bango na redioni sauti hiyo ya mtoto hufaa sana, kwa sababu husemwa hadharani na kuwaweka wazazi mbele ya macho ya majirani. Lakini mtoto hawezi kumweleza mama yake habari za sindano ya pepopunda. Kampeni ilipoingia katika ujumbe mfupi wa simu, bila malipo kwa namba 15001, utaratibu ulibadilika. Aliyejiandikisha alitakiwa kueleza yeye ni nani, mjamzito, mama wa mtoto mchanga, mwanamume anayemsaidia mjamzito, au mtu mwingine anayetaka habari, na ujumbe ukafuata umri wa mimba au wa mtoto. "Wazazi" wa bangoni walitenganishwa kuwa mtu mmoja mmoja, kila mmoja na majuma yake. Kuna kilichopotea: ile sauti ya mtoto inayomwita baba na mama kwa neno moja. Kilichopatikana ni wakati, kwa kuwa onyo la dalili za hatari lina thamani likifika katika juma lake.

Hali ni tofauti na "Komesha Corona", kaulimbiu ya Wizara ya Afya ya Kenya baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020. Hii ilipelekwa kila mahali bila kubadilika, na ilikuwa na mvuto wa sauti, kwa vile silabi ya kwanza ya kila neno ni ya "k" na "o". Kisarufi ni amri kwa mtu mmoja, katika kauli ya kutendesha, kwamba aukomeshe ugonjwa uliowashinda wafalme. Kama wito wa umma wenye umati mbele yake ilisimama vizuri. Katika simu ya mama muuza mboga wa soko la Eldoret, aliye peke yake na mboga zinazonyauka, ilikuwa amri isiyo na kitenzi cha kutendeka.

Eldoret yenyewe imejaribu njia nyingine mbili zinazofaa kuwekwa pamoja. Ya kwanza ni kundi la WhatsApp. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na washirika wao wa AMPATH waliwaandikisha vijana 30 wanaoishi na virusi, wakawapa simu, wakawaunganisha na mshauri na wao kwa wao; habari zake zilichapishwa mwaka 2022. Hapa hakuna bango lililohamishwa. Maudhui huzaliwa humo kundini, kutoka kwa wanaoishi nayo. Lakini kila kundi la aina hii huonyesha namba za wanachama wake kwa wanachama wote, na mwanachama mmoja asiye mwangalifu anaweza kuwatoa wenzake nje. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 huhesabu hali ya afya ya mtu kuwa habari nyeti. Haikuweza kuandika jinsi kijana anavyoficha kioo cha simu bwenini.

Ya pili ni chama. Tangu mwaka 2012 AMPATH imeendesha katika magharibi ya Kenya vikundi vya akina mama wajawazito na wenye watoto wachanga, ambapo mhudumu wa afya ya jamii huongoza somo la afya, na akina mama huweka akiba na kukopeshana. Watu wa mitandao wangekiita chama chombo cha zamani. Kwa kipimo cha uhakiki ndicho kilicho karibu zaidi na "Mtu ni Afya": neno husemwa, huulizwa, hupingwa, na anayelisema atarudi katika mkutano ujao kwa sababu fedha zake zimo. (AMPATH, kwa njia, imepata kujihamisha yenyewe. Herufi zake mwanzoni zilisimamia mfumo wa kitaaluma wa kuzuia na kutibu Ukimwi. Baadaye, kazi ilipopanuka hadi kisukari na shinikizo la damu, herufi zilezile zilifasiriwa upya kuwa mfumo wa kitaaluma wa kuwafikishia watu huduma za afya. Hapo kikombe kilibaki na chai ikabadilishwa, jambo ambalo hakuna upande wowote wa mjadala wa zamani uliolifikiria.)

Septemba 2023 serikali ya Kenya iliwakabidhi wahudumu wa afya ya jamii 100,000 vifaa vya kazi, simu zikiwamo. Mhudumu wa namna hiyo, akiwa katika boma la Turbo au Moiben, ndiye mwisho wa safari ya maneno yaliyoanza kwa Kiingereza. Anaifungua picha ya bango la shinikizo la damu katika simu yake. Maneno ni ya Kiswahili sanifu, madogo mno kwa kioo. Anamsomea mzee wa nyumba, kisha anayageuza kwa Kinandi huku akitafuta neno la "shinikizo", na mzee anamwuliza kama dawa hizo zaweza kunywewa pamoja na mursik. Bango lilitungwa kwa ajili ya ukuta. Halina mahali pa kuliandika swali hilo.